Birika, Stuli na Kura ya Mama Njoki

Siku mliyoniaga, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu wote, kipande cha keki kikiwa bado mkononi mwake: "Mwalimu, uliwezaje kutoka chama cha Birika ukaingia chama cha Stuli, na watu wa Endarasha wakakurudisha?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikajifanya nimeitwa kupigwa picha. Swali lile lilihitaji jibu refu, na nilikuwa nimesimama. Nilifundishwa kwa uchungu kwamba mambo ya kuhama chama hayaelezwi mtu akiwa amesimama.

Sasa niko nyumbani. Ng'ombe wamekamuliwa, baridi ya Kieni imenifukuza shambani hadi jikoni, na nimepata daftari jipya. Nawaandikia ninyi wawakilishi wadi wapya, mlioapishwa juzi na bado mnatafuta choo kiko upande gani. Sitasema juu ya kamati nilizoongoza. Majina yamebandikwa ukutani, na mwenye haja ataenda kuyasoma. Marupurupu nayo mnayajua kuliko mimi. Nitasema juu ya kazi yenyewe. Naisema kwa furaha, maana niliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda mchezo, na mpaka leo nikisikia kipaza sauti kikijaribiwa sokoni moyo unanienda mbio.

Kabla ya siasa nilikuwa mwalimu wa chekechea hapa Endarasha. Nilifundisha darasa la mabati ambalo mvua ikinyesha tulikuwa tunaimba tu, kwa sababu hakuna aliyesikia kingine. Aliyenitoa humo ni Mama Njoki. Alikuwa mjane, muuzaji wa viazi sokoni, mama mrefu wa sauti nzito. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua jina la kila mtu wa wadi hii, na jina la baba yake, na kama mbuzi wao walikuwa wawili alijua yupi alikuwa na kilema. Siku moja alinifuata shuleni akiwa na aproni yake ya viazi.

"Mwalimu, wewe umefundisha watoto ya wadi mzima," aliniambia. "Nani hakujui? Enda usimame."

"Mama, mimi najua nyimbo za watoto tu."

"Na watu wakubwa unafikiria wanajua nini ingine?"

Nikasimama kwa tiketi ya chama cha Birika. Wakati huo ndicho kilichokuwa kinavuma huku kwetu mlimani, na sitajifanya nilikichagua baada ya kusoma katiba yake. Tatizo letu lilikuwa wazee. Picha ya mgombea iko kwenye karatasi ya kura, ndiyo, lakini ni ndogo kama stempu, na macho ya mtu wa miaka themanini hayaoni hapo ila kivuli. Wazee walipiga kura kwa kutafuta alama ya chama. Basi nikafanya kazi niliyoijua. Nilinunua birika la alumini, lile kubwa la hotelini, nikatembea nalo nyumba kwa nyumba, Mama Njoki akitangulia. Lilikuwa tupu, kwa sababu sheria hairuhusu mgombea kumnywesha mpiga kura, na hata kama ingeruhusu, nani angebeba chai ya wadi nzima? Nikatunga na wimbo: macho yatazame, kidole kionyeshe, birika letu, birika letu. Niliwaimbisha akina cucu, bibi zetu wazee, jinsi nilivyowaimbisha watoto, mara tatu kwa sauti na mara moja kwa kunong'ona, kwa maana wimbo ukinong'onwa hauondoki tena kichwani. Kila nyumba tuliyotoka ilibaki na picha ya birika mlangoni. Tulishinda vizuri sana, na mimi nikajiona fundi.

Nawaambia juu ya siku yangu ya kwanza katika bunge la kaunti, Nyeri, ili mjue hakuna aliyezaliwa mheshimiwa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukiingia unamwinamia Spika. Nilimwinamia Spika, nikawainamia makarani, nikamwinamia askari wa bunge mwenye siwa, na nilipokutana mlangoni na mama anayeleta maji ya kunywa nikamwinamia yeye pia. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisimama nikaanza: "Asante, Mwalimu Mkuu." Ukumbi ulilipuka. Spika, mtu mpole, aligonga meza akasema, "Endelea, darasa linakusikiliza." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina langu. Hata wapinzani wangu waliniita Mwalimu, na ni vigumu kumtukana mtu unayemwita mwalimu, jaribuni mwone.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Gambuti za mpira ndani ya mfuko, kwa sababu barabara zetu hazina heshima kwa viatu vya bunge. Daftari, ambalo niliandika jina la mtu, anakoishi, alichoomba, na jibu nililompa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu anaweza kusahau alichokuomba, lakini ulichomjibu hasahau hadi kaburini. Mengine nilifundishwa na Mama Njoki. Alinikataza kukaa kwenye hema la wageni wa heshima matangani. "Hapo wanakaa watu ya kuangaliwa," alisema. "Kura iko jikoni." Basi nilikuwa nafika mapema, nachukua kisu, namenya viazi na akina mama, na kufikia wakati wa ibada nilikuwa nimesikia kila kitu ambacho chifu angeambiwa wiki mbili baadaye.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya mfereji. Wakulima wa kabichi wa juu walikuwa wanafunga maji yote yakaishia kwao, wa chini yao wanakuja na majembe ambayo hayakuwa ya kulima. Mimi sikujua la kufanya. Ikatokea kamati yetu ikaenda Wang'uru kuona mambo ya mpunga, na wenzangu walipokuwa wanachagua mchele wa kubeba nyumbani, mimi nilikwenda kusimama na mzee aliyekuwa anafungua milango ya mifereji. Akanionyesha jinsi kila shamba linavyokuwa na siku yake, na aliyelala siku yake anangoja zamu irudi. Nilirudi mbio Endarasha nikaandika zamu kwenye ubao wa kanisa. Wiki ya kwanza watu wawili walitaka kupigana mbele ya ubao wenyewe. Mwezi wa pili walikuwa wanaamshana alfajiri.

Lakini zamu hugawa maji yaliyopo. Kulikuwa na upande wa chini, nyuma ya mgongo wa kilima, ambako hakuna mfereji uliofika kamwe. Huko ndiko alikoishi Mama Njoki. Kila asubuhi punda wake alishuka mtoni na mitungi minne, na msimu wa kiangazi alikuwa anatoka kabla ya kuku. Bomba la kutoka msituni lilikuwa limeletwa zamani hadi juu ya kilima, likaishia hapo, likazibwa kwa mbao. Kila nilipopita nikaiona ile mbao, niliona aibu. Niliahidi kuliteremsha bomba hilo. Nililiandika kwenye daftari, na jibu nikaliandika pia.

Katikati ya muhula wangu wa pili, mpango wa bomba ulifika mezani bungeni. Kwa bahati mbaya, wakati huo huo chama cha Birika kilikuwa kimekosana na wakubwa wa kaunti, na wawakilishi wake wote tukaamriwa tuukatae mpango mzima, sehemu yenye bomba na isiyo na bomba. Nilikaa nimeshika daftari langu. Jina langu lilipoitwa nikasema ndiyo, kwa sauti ile ya darasa la mabati, hata waliokuwa wamesinzia wakaamka. Mpango ukapita. Siku nne baadaye nikapata barua ya kutakiwa kujieleza, nami nikajibu kwa barua ya kujiuzulu chamani.

Nisiwadanganye lakini. Upepo nao ulikuwa umegeuka. Ninyi mnaujua mlima wetu: ukiamua unaamua mzima mzima, na mwaka ule ulikuwa umeanza kuliacha Birika na kukimbilia Stuli. Watu waliniuliza mara nyingi kama nilihama kwa ajili ya bomba au kwa ajili ya upepo. Nilihama kwa ajili ya bomba, na nilifurahi kukuta upepo unavuma upande huo huo.

Sheria yetu iko wazi: ukiacha chama kilichokuleta bungeni, na nafasi yenyewe unaiacha. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Na hapa ndipo kila kitu kilikuwa hatarini, kwa sababu mabomba yalikuwa hayajanunuliwa bado, na mpango kama ule hurudi tena mezani kabla ya kazi kuanza. Chama cha Birika kiliapa hadharani kwamba mwakilishi wake mpya wa wadi yetu atakuwa wa kwanza kusimama kulifuta bomba la upande wa chini. Nikishindwa, mbao ile ingebaki pale juu, na punda wa Mama Njoki angeendelea kushuka mtoni.

Siku niliyopokelewa na chama cha Stuli mjini Nyeri sitaisahau. Uwanja ulijaa. Nilipewa stuli ya miguu mitatu, ile ya kukalia jikoni kwetu, nikaiinua juu ya kichwa na watu wakapiga kelele mpaka nikahisi jukwaa linatikisika. Redio tatu zilitaka maneno yangu. Nilizunguka kutoka kipaza sauti hiki hadi kile, nimechangamka kama mtoto aliyepewa kengele ya shule aipige. Nikasema Birika limepoa. Nikasema mengi. Kwa siku nne nilikuwa Nyeri nikisema mengi.

Nilirudi Endarasha nikiwa na gari lenye vipaza sauti na wimbo mpya. Mpinzani wangu alikuwa kijana aitwaye Kariuki, mwanafunzi wangu mwenyewe wa chekechea, niliyemshika mkono kumfundisha kushika penseli. Alikuwa mtoto mzuri ambaye hakuwahi kumaliza uji wake. Kariuki hakutunga wimbo wowote. Alichukua wangu wa zamani, neno kwa neno, akawa anapita nao. Alipofika mlango wenye birika alikuwa anaonyesha tu kidole, na cucu anaumalizia wimbo kutoka ndani.

Mimi nikasimama sokoni siku ya soko nikaimba wimbo wangu mpya, kwamba birika tumeliweka chini na stuli tumeikalia. Watu waliimba vizuri, wakacheza, nikajawa na matumaini. Nilipomaliza nikauliza kama mwalimu, "Sasa alama tutaweka wapi?"

"Kwa birika!" wakajibu wote kwa pamoja.

Nilikuwa mwalimu wa chekechea miaka mingi, na nilijua kabisa kwamba kinachotajwa kwanza kwenye wimbo ndicho kinachobaki. Nikafanya kosa hilo mimi, kwenye wimbo wangu, wakati ambao sikuwa na wiki ya kupoteza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wadi hii nilikuwa nimeilea kwa birika. Nikakimbia kwa Mama Njoki.

Nilimkuta mlangoni pake anaosha viazi. Nyuma yake, kwenye ule mlango, lilikuwepo birika la rangi ya bluu nililolichora mwenyewe. Sikuingia. Gari lilikuwa linanguruma barabarani, nami nilikuwa na nyumba thelathini za kupitia kabla ya giza.

"Mama Njoki, nimepita kidogo tu. Watu wamechanganyikiwa, nataka unisaidie kuwaambia..."

"Nimekusikia kwa redio," alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo, sasa ile habari ya Stuli..."

"Ati redio ndio ilikuja kuniambia." Aliweka kiazi chini. "Mimi nilibeba hiyo birika na wewe. Nikaingia nayo kwa nyumba ya watu, nikawaambia huyu ni mtu wetu. Halafu naosha viazi hivi, nasikia mtu wa redio anacheka, ati Mwalimu amehama. Mimi sijui kusoma, lakini niko na mlango. Ungebisha."

"Ilikuwa haraka, Mama. Na ni kwa sababu ya bomba."

"Bomba naitaka kuliko wewe. Punda yangu imezeeka. Lakini hata saa hii umesimama." Sasa akaniangalia. "Mwalimu, mgeni akikuja kwetu anapewa nini kwanza?"

"Chai," nikasema.

Alinitazama vile nilivyokuwa namtazama mtoto aliyesahau namba mbili. "Anapewa mahali pa kukaa. Chai inakuja nyuma. Mtu wa kukunywa chai amesimama ni polisi, ama ni mtu ameleta habari mbaya. Wewe uko wapi hapo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa mtu wa kwanza kuniamini, nami nilikuwa nimempa habari zangu kupitia kwa mtu anayecheka redioni. Nilirudi barabarani nikamwambia dereva aende, na vipaza sauti vyake. Kisha nikaingia jikoni kwa Mama Njoki, akanisukumia stuli ndogo kando ya moto, nikaketi. Nilimweleza yote, kuanzia ile amri ya chama hadi siku nne za Nyeri. Nililia kidogo. Nilimwomba msamaha kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu nilikuwa nimeyamalizia jukwaani. Alichochea moto, halafu ndipo akamimina chai.

"Sasa hiyo ndio kampeni," akasema. "Toka hapa uende ukakae kwa watu."

Nilifanya hivyo kwa wiki tatu zilizobaki, na nawaambia ukweli, hizo ndizo wiki tamu kuliko zote katika kazi yangu. Sikuwa na gari wala wimbo. Nilibeba ile stuli ya jukwaani, Mama Njoki akitangulia na fimbo yake. Tulibisha. Tulipokaribishwa nilikalia stuli yangu, ambayo ni fupi, hivyo kila cucu alikuwa amekaa juu kuliko mimi akiniangalia chini, na hapo ndipo nilipostahili. Kwanza nilisema samahani kwa kuhama bila kuwaaga. Pili nilieleza bomba. Mwisho kabisa Mama Njoki alikuwa anauliza: "Mgeni akifika, nini kwanza?"

"Kukaa."

"Na birika?"

"Inangoja."

"Basi hata kwa karatasi, hivyo hivyo."

Ilieleweka kwa namna ambayo wimbo wangu haungeeleweka kamwe, kwa sababu hawakufundishwa kitu kipya. Kilikuwa kwao tangu zamani. Siyo kwamba kila nyumba ilitupokea. Mzee mmoja aliniambia, "Kaa Mwalimu, kunywa chai yote, lakini kura yangu haikujui." Nilikunywa chai yote. Wengine walinikariria maneno yangu ya redioni neno kwa neno, jinsi nilivyosema Birika limepoa, wakati mabirika yao yalikuwa motoni. Niliinamisha kichwa. Lakini jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kwa raha, na nguo zikinukia moshi wa majiko kumi na mawili, na nilikuwa nashindwa kulala kwa kungoja kesho.

Aliyenitia wasiwasi ni Mama Njoki mwenyewe. Tulikuwa tunawafanyisha akina cucu mazoezi kwa kipande cha boksi nilichochora alama zote za wagombea, na kaa la moto lililozimika likiwa kalamu. Wote walipata. Mama Njoki alipochukua lile kaa, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye birika. Tulicheka. Akarudia, ukaenda kwenye birika. Mara ya tano hakuna aliyecheka. Aliutazama mkono wake kama kwamba umemjibu vibaya.

"Roho imehama," alisema. "Mkono ndio imebaki."

Siku ya kupiga kura kulikuwa na ukungu, na foleni ilianza mapema. Sikumwona Mama Njoki akiingia wala akitoka. Jioni nilikaa kwenye kituo cha upande wa chini, darasa la shule ya msingi, kuangalia kura zikihesabiwa. Ni kituo kidogo, na kura zilikuwa zinakaribiana hivi kwamba kila karatasi iliyoinuliwa ilinifanya nishike ukingo wa dawati. Stuli. Birika. Stuli, stuli. Birika. Msimamizi wa kituo alikuwa binti makini asiyetabasamu, wa aina ninayoipenda. Kisha akainua moja akasita.

Kwenye stuli kulikuwa na alama ya vema, kubwa, imenyooka, imechorwa polepole. Na kwenye birika mtu alikuwa amepiga mstari, akapiga mwingine juu yake, akaendelea kupaka wino mpaka birika lenyewe halikuonekana tena. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka yote ile. Naijua alama ya mtu anayefuta kosa kwa nguvu zake zote.

"Iko na alama mbili," akasema msimamizi. "Imeharibika."

Ajenti wangu wa kulinda kura aliruka kusimama. "Lakini huyu anaonekana wazi anataka..."

Nilimshika mkono akaketi. Ajenti wa Kariuki alikuwa ameshaanza kufungua kanuni zake, na mimi sikutaka kushinda kwa kelele baada ya wiki tatu za kukaa kimya jikoni kwa watu. Karatasi ile ikawekwa kando, pamoja na nyingine chache zilizoharibika. Tukaendelea.

Nilishinda. Tofauti kati yangu na Kariuki ilikuwa watu wa kujaza gari moja la matatu, na konda bado angekuwa anaita abiria. Kariuki alikuja kunipa mkono, akaniambia, "Mwalimu, wimbo wako ulinifikisha karibu." Nilimwambia amalize uji. Watu walinibeba juu kutoka darasani, na mimi, mama wa makamo mwenye gambuti, nilikuwa nacheka kwa sauti huko juu mabegani mwao na kuomba nisiangushwe.

Asubuhi yake Mama Njoki alibisha mlangoni kwangu. Nilimpa mahali pa kukaa kabla ya kusema lolote, nilikuwa nimeshajifunza. Uso wake wote ulikuwa unang'aa.

"Mwalimu, nilishinda mkono," alisema. "Niliingia kwa ile kaboksi ya kupigia kura, ikataka kuenda kwa birika. Nikaiambia hapana. Nikaweka alama yako kwa stuli, taratibu, ikakaa. Halafu nikaona birika bado inaniangalia. Nikasema hawa watu wataona ati Njoki hajaamua. Nikaifuta. Nikafuta kabisa, mpaka ikaisha." Alinishika goti. "Nilifanya poa?"

Nilikuwa mwalimu, na maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli kuhusu walichoandika. Nilisogeza ile stuli yangu karibu naye nikaketi, nikiwa chini kuliko yeye.

"Ulifanya vizuri kuliko wote, Mama," nikamwambia, kisha nikaenda kumimina chai.

Mpango ulirudi mezani nami nikawa pale kusema ndiyo tena. Mbao ile ilitolewa kilimani, mabomba yakashuka, na siku maji yalipofika upande wa chini yalitoka kwanza na kutu, na chura mmoja, na watu wakashangilia hata yule chura. Mama Njoki alikinga birika la alumini, lile lile la kampeni ya kwanza, ambalo nilikuwa nimemwachia. Alisema halina kosa.

Sasa mnalo jibu langu. Mkilazimika kuhama chama, na ninyi mtahama, nawajua, wale waliowabeba wasisikie kwa redio. Nendeni mkakae jikoni kwao kwanza. Na mkipita Endarasha mwende mkamsalimie Mama Njoki. Amezeeka, punda hayupo tena, lakini sauti ni ile ile. Hajui kusoma, ndiyo maana nimethubutu kuandika haya. Atawapa mahali pa kukaa, kisha chai ya maji ya bomba, na kabla hamjamaliza kikombe atawaambia kwamba maji hayo yaliletwa na kura yake. Mwitikieni. Ile karatasi iko kwenye bahasha ya zilizoharibika, nami tangu siku ile sijaona kura nyingine iliyopigwa vizuri kama hiyo.